Aliyetangulia Kupeleka Majibu

Sikulazimishi uniamini. Ninakuomba kitu kimoja tu: usiniambie kwamba nilikuwa nimechoka, wala kwamba jua la Dowa lilinipiga kichwani. Hayo nimeshaambiwa na watu wenye shahada kubwa kuliko yangu. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, saa saba mchana, siku ya Jumatano, watu wakichota maji na redio zikilia. Visa vya namna hii hupenda giza. Hiki hakikungoja giza.

Mimi ni mwanamke wa Bukavu. Nilisoma biolojia kule mpaka nikapata shahada, kisha mambo yakaharibika kama unavyojua yalivyoharibika, nikajikuta kambini Dzaleka, hapa Dowa nchini Malawi, na cheti changu ndani ya mfuko wa plastiki. Miaka minne kililala chini ya godoro. Ndipo wakaja watafiti wa virusi kutoka Lilongwe. Walikuwa wanachunguza homa ya ini, ile aina ya B, wajue imeenea kiasi gani kambini. Walitaka mtu anayejua Kiswahili na Kifaransa, anayeweza kutoa damu bila kumwumiza mtu, na asiyeogopa maabara. Nikachukuliwa. Aliyeongoza utafiti alikuwa profesa mmoja Mmalawi, mtu mpole, msemaji wa polepole. Aliniambia nikifanya kazi vizuri ataniandikia barua ya kuombea nafasi ya shahada ya pili ya virolojia. Barua hiyo njo ilikuwa maisha yangu. Niliiota usiku, niliiota hata mchana nikiwa nimesimama.

Kazi ilikuwa nyumba kwa nyumba. Namsomea mtu karatasi ya ridhaa, anatia saini au kidole gumba, natoa damu, naandika nambari kwenye chupa. Majina yalibaki katika daftari ndani ya kabati la maabara Lilongwe, na ufunguo wa kabati alikuwa nao Chikondi, msichana wa Kawale, mtaa wa mjini humo, niliyefanya naye kazi. Kila nyumba nilisema maneno yaleyale: "Majibu tutayaleta baada ya miezi mitatu." Hakuna aliyenilazimisha. Niliyasema kwa mdomo wangu.

Siku tuliyopima damu za mtaa wetu, mimi ndiye niliyekuwa mbele ya sahani. Sahani ya kipimo hicho ni ya plastiki, ina visima vidogovidogo. Unatia maji ya damu, unatia dawa, unangoja. Kisima kisicho na virusi hubaki cheupe. Chenye virusi hugeuka njano. Vinne viligeuka njano. Sikuhitaji daftari la Chikondi kujua ni vya nani, maana nambari za mtaa wetu nilikuwa nazo kichwani. Mojawapo ilikuwa ya Zawadi.

Zawadi ni binti wa Mama Aziza, watu wa Kindu, wanaouza usipa mkavu, dagaa wa huku, sokoni kambini. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo usingizi wangu ulipokatika. Mama mwenye virusi hivi huweza kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Lakini mtoto akichomwa chanjo siku ileile anayozaliwa, mara nyingi anasalimika. Chanjo yenyewe haikai kila zahanati, lazima mtu aitafute mapema. Na atafuteje kitu ambacho hajui anakihitaji?

Nilimwendea Profesa. Sitaki umwone mbaya. Alivua miwani, akanieleza kwamba kipimo lazima kirudiwe, kwamba kamati ya maadili haijatoa kibali cha kurudisha majibu, kwamba kwetu sisi nambari si jina.

"Ukimwambia mmoja nje ya utaratibu, umevunja siri ya wote," alisema. "Utafiti utafungwa. Subiri."

Nikasema sawa. Ulitaka niseme nini? Barua ilikuwa bado haijaandikwa.

Basi nikasubiri. Nikaanza kupita nyuma ya soko ili nisipite mbele ya meza ya Mama Aziza. Nikaacha kula usipa. Siku moja Zawadi aliniona kwa mbali, mkono mmoja kiunoni, akaita: "Dokta, majibu?" Nikamjibu bila kusimama: "Bado kidogo, dada." Tumbo lake lilikuwa limeshuka. Usiku ule nilihesabu majuma kwa vidole, nikahesabu tena, kana kwamba vidole vingenionea huruma.

Jumatano ninayokuambia, nilikuwa maabara Lilongwe tangu asubuhi. Nilisaini daftari la mlangoni, na saa tatu Profesa mwenyewe alinikuta nikipanga chupa kwenye friza. Saa nne na nusu nikapanda basi dogo, nikashuka njia panda, nikachukua kabaza. Mwenye baiskeli alinishusha karibu na soko la kambi saa saba kasoro. Kwa sababu ya haraka nilisahau kupita nyuma. Mama Aziza akaniona.

"We, unarudia tena?" alisema. "Kuko kitu ulisahabu?"

"Kurudia wapi, Mama? Njo nafika sasa."

"Usinichekee, mwanangu. Asubuyi ulikala hapa, kwa hiki kiti. Zawadi alilia, ukamushika mukono mpaka akanyamaza. Mungu akubariki. Bantu bengine bangetuficha."

Nilidhani ananitania. Kisha Zawadi akatoka ndani ya kibanda nyuma ya meza, macho yamevimba, akafungua khanga kiunoni na kunionyesha karatasi. Ilikuwa imeandikwa nambari yake, 117. Chini yake: *Una virusi vya homa ya ini. Mtoto achomwe chanjo siku anayozaliwa, isipite.* Mwandiko ulikuwa wangu. Hata ile saba ilikuwa na kimstari katikati, jinsi masista walivyotufundisha Bukavu.

Ungefanya nini? Mimi niliaga. Niliaga kwa adabu kabisa, nikashika njia ya kati ya ukuta wa kanisa na bomba la maji.

Hapo ndipo nilipomwona. Kwanza mgongo: koti jeupe la maabara, mikono imekunjwa mpaka viwiko, sanduku la barafu la bluu begani. Alitembea akichechemea kidogo, kama mtu anayebanwa na kiatu cha kushoto. Kiatu changu cha kushoto kilikuwa kinanibana. Nikasimama. Naye akasimama, akageuka.

Uso ulikuwa wangu. Lakini haukuwa ule ninaouona kwenye kioo. Nina kovu dogo juu ya nyusi, na kwenye kioo huliona upande mmoja maisha yangu yote. Kwake lilikuwa upande wa pili, kule ambako watu wengine huliona. Ndivyo nilivyojua kwamba sikuwa najitazama. Nilikuwa natazamwa. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka tu, kama mtu anayefanya kazi ya watu wawili.

Akasema, kwa sauti yangu: "Bado nyumba tatu."

Kisha akapinda kona ya kanisa na kwenda zake. Mama mmoja Mrundi aliyekuwa bombani alinitazama, akatazama ile kona, akanitazama tena, huku ndoo yake ikifurika na maji yakimlowesha miguu. Aliibeba ndoo, akaondoka mbio. Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyemwona.

Watu husema kilichofuata kilikuwa ushujaa. Uongo. Nilikimbilia zile nyumba tatu kwa hofu, nisije nikamkuta yule ameshaketi kwenye kiti, ameshika mkono wa mtu, anasema kwa mdomo wangu yale niliyoyafungia. Nilifikiri: kama maneno haya lazima yatoke, basi yatoke kwangu mimi mwenyewe.

Nyumba ya kwanza na ya pili nilimtangulia. Mmoja alinitukana, mwingine aliniuliza kama atakufa. Nilimweleza kwamba wengi huishi nayo miaka mingi, ila aache pombe, apimwe ini, na mkewe achanjwe. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Baba Furaha, fundi cherehani, mtu wa Bukavu tunayesali naye kanisa moja. Alinipa kiti, akasimamisha cherehani, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akatazama mlango nyuma yangu.

"Na mwenzako, mbona amebakia inje?" aliuliza. "Jua ni kali. Aingie."

Sikugeuka. Naapa, shingo yangu haikuweza kugeuka.

"Baba," nilisema, "mwache."

Lakini Baba Furaha ni mtu wa heshima, hawezi kumwacha mgeni juani. Akatoka. Niliwasikia wakizungumza, sauti yake na sauti yangu, mimi nikiwa nimeketi ndani nimefunga mdomo. Aliporudi alikuwa amepauka.

"Amesema yeye kazi yake imeisha," alisema. Akanitazama muda mrefu. "Dada, muko bapacha?"

Tangu siku ile Baba Furaha amehamisha cherehani yake, anashona akiwa amekiangalia kizingiti.

Siku mbili baadaye niliitwa Lilongwe. Yule aliyenitukana alikuwa amepeleka malalamiko kwa viongozi wa mtaa, na viongozi wakaenda kwa Zawadi, wakaichukua karatasi yake. Ilikuwa mezani kwa Profesa. Daftari la mlangoni pia lilikuwa mezani, limefunguliwa kwenye siku ya Jumatano.

"Hizo nyumba tatu za mchana, sawa," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Lakini hii karatasi ilipelekwa saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi mimi nilikuona hapa kwa macho yangu. Kwa hiyo ni nani aliyefungua kabati?"

Nikaelewa anakoelekea. Chikondi alikuwa amesimama karibu na dirisha, ufunguo ukining'inia shingoni, machozi yanamtoka. Yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha wadogo zake wanne pale Kawale. Kama si mimi niliyeandika, ni yeye. Na mlango wangu wa kutokea ulikuwa wazi kabisa: ningesema tu, "Prof, uliniona." Lilikuwa neno la kweli.

Nikasema, "Niliandika mimi. Nilimpa mtu aipeleke."

Umeona? Siku nzima ile, huo ndio uongo pekee niliousema, na ndio uliowekwa kwenye faili langu. Profesa akavua miwani na kusugua macho. Sidhani kama aliniamini. Alisema tu kwamba hawezi tena kuniandikia barua, na kwamba anasikitika. Chikondi alinisindikiza mpaka getini. Aliniambia "zikomo", yaani asante, mara moja tu.

Zawadi alijifungua mtoto wa kiume. Mama Aziza alikuwa ameizungukia ile chanjo majuma mawili kabla, na mtoto akachomwa kabla jua la siku yake ya kwanza halijazama. Alipotimiza mwaka na zaidi akapimwa. Hana kitu. Kibali cha kamati nacho kilikuja baadaye, majibu yakaletwa nyumba zote kwa utaratibu, na wakati ule mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa.

Mimi nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa kambini. Nafasi ya shahada ya pili ilikwenda kwa mtu mwingine. Sisemi haikuniuma. Lakini kilichonibakia si uchungu, ni wasiwasi. Siwezi tena kubisha mlango wa mtu bila kuuliza kwanza, "Leo nimeshafika hapa?" Wengi hucheka. Wachache hawacheki. Mwezi uliopita mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono sokoni, akanishukuru kwa yale niliyomwambia Jumatatu. Jumatatu nilikuwa nimelala na malaria. Nilitaka kumuuliza nilimwambia nini, nikaishia kumwambia karibu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama unashikilia habari ya mtu, habari ambayo ni haki yake, mpelekee. Usiseme kesho. Na siku ukiniona mlangoni kwako nimebeba habari yako, nipe kiti, nisikilize mpaka mwisho, unishukuru ukipenda. Ila nikiondoka usinisindikize, na usitoke nje kuangalia nimeelekea wapi.