Benchi la Tumbo

Tangu Gaudiosa aolewe pale Mkumbi, hakuwahi kukaa benchi moja na baba mkwe wake. Akimwona Mzee Egidi anapita njia ya kahawani, alijitoa pembeni, akapiga magoti, akasema shikamoo baba huku akitazama chini, na mzee akaitika marahaba huku akitazama migomba. Chakula alipika yeye, lakini aliyekipeleka barazani ni Mama Otilia, mama mkwe wake. Jina la mzee hakulitamka hata siku moja. Kwake alikuwa "baba yake Kiliani", basi, naye mzee alimwita Mama Placidi, kwa jina la mtoto wake. Wala msidhani walikuwa hawapatani. Siku Kiliani alipomnyanyulia mkono mkewe, ni mzee huyohuyo aliyeita ukoo mzima na kusema kwamba atakayemgusa yule binti amemgusa yeye. Tangu hapo Kiliani akashika adabu.

Ulikuwa mwaka ule ambao wanunuzi binafsi walianza kupanda milimani na magari yao, wakigombea kahawa ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake. Gari la mnunuzi lilitarajiwa asubuhi, na aliyelikosa hakujua lingine litapita lini. Kwa hiyo mzee alipoamka amejikunja, uso umempauka, Kiliani akasema mkewe ampeleke hospitali kwa lifti, yeye atafuata akishauza. Tumbo tu hilo, akasema. Wanaume bwana.

Mama Otilia hakusema kitu mbele ya mwanawe. Mguu wake mbovu haukumruhusu kusafiri. Alimvuta Gaudiosa jikoni, akajifanya anamfungia viazi kwenye khanga, akamnong'oneza kwamba mzee hajapata haja ndogo tangu jana asubuhi. Anakwenda nyuma ya nyumba, anasimama, anarudi. "Amenikataza kumwambia mtu," akasema. "Na wewe usijue." Gaudiosa akaitika. Sasa niambieni, mtu aliyeambiwa asijue, afanye nini na anachokijua?

Hospitali yenyewe sitaitaja, maana wengine waliofanya kazi pale bado tunapeana mikono kanisani. Mapokezi yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni. Na kwa balaa, nusu ya watu wale walimfahamu Mzee Egidi, mwenyekiti wao wa kigango kwa miaka mingi. Wakamsalimu Tumsifu Yesu Kristo, naye akaitikia kila mmoja, ameegemea ukuta, koti amelifunga vifungo vyote na jua lile. Kijana wa dirishani akauliza kwa sauti ya mnadani, mgonjwa anaumwa nini. Mzee akamtazama Gaudiosa. Gaudiosa akatazama sakafu.

"Tumbo," mzee akajibu mwenyewe.

Wiki ile ugonjwa wa kuharisha ulikuwa umepanda kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, na wauguzi walikuwa wameshachoka. Wote wenye tumbo walipangwa kwenye benchi refu la ukutani, karibu na ndoo, wapewe maji ya chumvi na sukari wakati wakimsubiri tabibu. Haikuwa kosa, maji yale yaliokoa wengi. Na amri ilikuwa kwamba kila mwuguzaji akae ubavuni kwa mgonjwa wake ahakikishe anakunywa. Ndivyo Gaudiosa alivyokaa benchi moja na baba mkwe. Alikaa pembeni kabisa, nusu yake hewani.

Nesi Edina akaja na jagi. Alikuwa mama mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akajaza kikombe, akasimama palepale mpaka mzee amalize, akamweleza kwamba maji yakiisha mwilini mtu hafiki mbali. Mzee Egidi akanywa. Angesema nini? Kikombe kikaisha, kikajazwa kingine.

Foleni ya benchi lile ilisogea kwa makalio. Akiitwa mmoja wa mbele, wote wanajisogeza nafasi moja, kisha wanatulia tena kama hawakusogea. Huyu anasema tabibu yuko chumba cha upasuaji, yule anasema amekwenda kula, mwingine anaapa amemwona anatoka na baiskeli. Kila mmoja anajua na hakuna anayejua. Kila waliposogea, mzee alifumba macho na kushika ukingo wa benchi, na jasho lilimtiririka shingoni. Hakuguna hata mara moja.

Gaudiosa alijaribu, msiseme hakujaribu. Alimfuata nesi hadi mlango wa chumba cha vidonda, akaanza kusema, sista, yule baba yangu pale. Nesi akamwambia nakuja mama, rudi kwa mgonjwa wako. Alikuwa anakuja kweli, ila gari la mbao lilikuwa limepinduka mlimani, na wakati huohuo wakaingizwa watu wanaovuja damu, na kila mwenye koti jeupe akakimbilia huko. Nani atalalamika? Damu kila mtu anaiona. Mkojo uliokataa kutoka hauonekani.

Nesi aliporudi na jagi, alimjazia mzee kikombe. Koti la mzee lilikuwa limeachia kifungo, na chini ya kitovu tumbo limejaa, limekaza kama la mama mjamzito. Nesi akageuka kumhudumia wa pili. Gaudiosa akakichukua kile kikombe mkononi mwa baba mkwe, akakigugumia chote, akakirudisha. Kikombe cha baba mkwe! Kwao mambo hayo hayafanyiki. Mzee aliona. Akatazama ukuta.

Cha pili akakinywa pia. Na cha tatu. Nesi akamsifu mzee kwamba laiti wagonjwa wote wangekuwa wasikivu hivi.

Maji hayana mwenyewe. Baada ya muda yakaanza kumdai Gaudiosa. Choo kilikuwa nyuma ya jiko, na akiondoka, mzee atajaziwa kikombe na atakinywa kwa adabu zake. Akabana. Wakawa wawili pale, mkwe na mkwe, shida ni moja, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake. Foleni ikasogea nafasi moja, naye akahisi machozi yanamlenga, yeye mwenye kibofu kizima, kwa muda ule mfupi tu. Ndipo lilipomwingia. Mungu wangu, na huyu tangu jana asubuhi.

Mzee akainama, akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama:

"Mama Placidi, twende nyumbani. Nikafie kwangu."

Hapo hasira zikampanda Gaudiosa. Zilimpanda kwa mzee na aibu yake, kwa mama mkwe na minong'ono yake, kwa Kiliani na kahawa yake, kwa kijana wa dirishani na kwa ulimi wake mwenyewe uliolala miaka yote hiyo. Akasimama. Hakupiga magoti, hakutazama chini.

"Sista, Mzee Egidi Kapinga haharishi. Hajakojoa tangu jana asubuhi. Anakufa hapa tunamtazama, na hayo maji yenu nimeyanywa mimi."

Mtu mmoja akacheka puani, akaachwa peke yake. Mzee Egidi akavua kofia, akajifunika nayo uso. Nesi Edina akaweka jagi chini, akaja, akafungua koti, akaweka kiganja chini ya kitovu, na hapohapo akapiga kelele waletewe machela.

Mpira wa mkojo haukuwapo stoo. Ndiyo ilikuwa miaka hiyo, hospitalini hakuna, lakini duka la dawa mbele ya geti lina kila kitu. Gaudiosa akatumwa mpira na glavu, akakimbia, khanga imemlegea kiunoni, akapita choo akiwa anakwenda na akakipita tena akiwa anarudi. Akakabidhi, mlango ukafungwa, akabaki nje ameegemea ukuta. Kisha akasikia maji yanaingia ndooni, yanaingia, hayaishi, na sauti ya mzee ikatoka, mguno mrefu wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Ndipo na yeye akakimbilia nyuma ya jiko, na humo chooni akalia mpaka akaishiwa.

Tabibu alipotokea alimwambia kwamba wangechelewa zaidi, figo zingeharibika. Mzee angebaki na mpira ule na mfuko wake mpaka apate nafasi ya kupasuliwa, na mpaka siku hiyo ifike atakuwa anarudi palepale kliniki, kwa foleni ileile.

Waliporudi Mkumbi, Mzee Egidi hakumtazama. Gaudiosa alipiga magoti njiani kama kawaida, na marahaba ikaja fupi kuliko zamani. Akajua amempoteza. Kisa kilikuwa kimeshatangulia kijijini, na wanawake kisimani walikuwa wakinyamaza akifika. Alingoja kuitwa mbele ya ukoo, apewe maneno yake. Usiku alimwambia Kiliani kwamba lingemfika tena angefanya vilevile, halafu akageukia ukutani, kwa sababu hakuwa na uhakika.

Siku ya kliniki Kiliani aliamka mapema, akavaa viatu vyake vipya alivyonunua kwa pesa ya kahawa. Gaudiosa alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, anashukuru Mungu kwamba safari hii si yake. Benchi lile alikuwa akiliota. Mzee alikaa barazani, mfuko ameuficha ndani ya koti, na akazungumza na Mama Otilia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Mwambie Kiliani avue viatu. Nitakwenda na Gaudiosa."

Mzee hakuwahi kulitamka jina lake. Gaudiosa akabaki na unga mikononi. Alitaka kukataa, na mlango wa kukataa hakuuona, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyeufunga siku ile alipofungua kinywa. Akanawa, akachukua khanga.

Mzee alitangulia, yeye akafuata kwa nyuma kama inavyotakiwa. Karibu na barabara mzee akasimama, akaitazama migomba.

"Wakiuliza dirishani," akasema, "sema wewe."