Bakuli Halirudi Tupu

Harufu ya pilipili manga ikichemka ndani ya uji wa Ramadhani hunirudisha Malindi, Unguja, kabla sijatia hata kijiko mdomoni. Narudi kwenye nyumba yetu ya zamani, nyuma ya bandari, yenye kuta nene zilizotoa chumvi, ukumbi wa chini wenye giza hata adhuhuri, na ngazi za mbao zilizolia kila ulipokanyaga. Chini tulikaa wawili, mimi na bibi yangu, Bi Tatu, aliyenilea. Juu, kwenye chumba kimoja cha pembeni, alikaa Bi Zuwena. Zamani nyumba yote ilikuwa yake, yeye na mumewe na wanawe wawili. Yakaja Mapinduzi, nyumba ikachukuliwa na serikali, mumewe akafa kwa kihoro, na yeye akaachiwa kile chumba. Vyumba vya chini akapewa babu yangu, mchukuzi wa bandarini, aliyekuwa akiishi kwenye kibanda cha makuti Jang'ombe. Babu alifariki mimi sijazaliwa. Wakabaki wanawake wawili, mmoja aliyepokonywa na mmoja aliyepewa, wakitumia bomba moja na mlango mmoja wa kutokea. Hebu niambie, hapo mtu anaanzaje kumwamkia mwenzake?

Wao walianza kwa bakuli. Lilikuwa bakuli la bibi, jeupe, la bati, lenye maua mekundu ubavuni na kidonda cheusi pale liliposhushwa vibaya. Karibu kila siku, na Ramadhani hasa, bibi alilijaza muhogo wa nazi, akalifunika kawa, akanipa nimpelekee Bi Zuwena. Na kwetu Unguja bakuli la jirani halirudi tupu. Kama huna kitu, tia tende, tia ndimu, tia hata kiganja cha sukari, maana kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzako basi, nimekuchoka. Kwa hiyo bakuli lilipanda na muhogo, likashuka na boko boko, ile ngano inayopondwa na nyama mpaka ikalainika, ambayo Bi Zuwena aliipika kama alivyofunzwa na mama yake. Mimi nilikuwa mbebaji, na nilitoza ushuru wangu, tonge moja, pale katikati ya ngazi. Nilibeba na maneno vilevile. "Mwambie bibi yako chumvi bado inauzwa dukani," Bi Zuwena alisema. Nikishuka, bibi alijibu bila kuinua kichwa, "Mwambie asiye na meno hachagui chumvi." Nilidhani ndivyo watu wanavyopendana, na hata sasa nadhani hivyo hivyo.

Lakini ilikuwapo siku moja katika mwaka ambayo bakuli halikupanda wala kushuka. Ilikuwa siku ya Mapinduzi, mwezi wa Januari. Bibi alivaa kanga mpya, akapika pilau, akafungulia redio mpaka majirani wa mtaa wa pili wasikie. Juu, madirisha yalifungwa, na Bi Zuwena alikaa kwenye mswala wake akiwasomea wanawe hitima. Walichukuliwa mlangoni kwake siku zile za mwanzo, wakaenda, hawakurudi, wala hapakujulikana kaburi. Hakuna aliyenikataza kupeleka pilau. Nilijua tu, kama nilivyojua ni ubao gani wa ngazi umeoza. Skuli nako mwalimu alituimbisha: sababu za Mapinduzi, dhuluma, ubaguzi, ardhi kushikwa na wachache, matokeo yake, usawa, elimu bure, ardhi kwa wakulima. Niliyajua yote kwa ghibu na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko za wenzangu. Lakini nikirudi nyumbani nilimsikia Bi Zuwena akikohoa juu ya dari, na yeye hakuwamo kwenye wimbo ule.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, Ramadhani iliangukia Januari. Bi Zuwena alikuwa mgonjwa, miguu imemvimba, hawezi kusimama jikoni, na tangu mwezi uandame alikuwa akifuturu kwa bakuli la bibi tu. Jamaa zake walikuwa Maskati, Omani, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Alivyokuwa mkaidi, hata hivyo hakulirudisha tupu. Alitia tende, au kipande cha ubani. Siku ile ya Januari ilipokaribia, moyo wangu haukutulia. Bakuli lisipopanda, mgonjwa yule atafuturu kwa maji. Nilimuuliza bibi kama kesho nitapeleka. "Kesho iache ifike," akasema. Nikapanda kumkanda Bi Zuwena miguu, naye akaniambia kwa upole, "Salma mwanangu, kesho usije. Kesho sili cha mtu." Nilishuka nikalia ukumbini, kwa sababu niliwapenda wote wawili na sikuona pa kusimama.

Siku ikafika. Mwaka ule hapakunuka pilau mchana. Mwenye furaha na mwenye msiba wote walikuwa na saumu, na redio yetu ilisema kwa sauti ya chini. Alasiri bibi alipika. Akajaza bakuli, akalifunika, kisha akakaa nalo magotini kwa muda mrefu. Karibu na magharibi aliinuka, akaelekea ngazini mwenyewe. Magoti yake yalikuwa mabovu, na tangu nipate akili sikuwahi kumwona akizipanda ngazi zile. Nilimfuata nyuma nimeshika ncha ya kanga yake.

"Hodi, Bi Zuwena."

"Nshasema leo sili cha mtu, Bi Tatu."

Bibi hakubishana. Alikaa kizingitini, akaanza kusema mambo ambayo mimi mjukuu wake sikuwahi kuyasikia. Kabla ya Mapinduzi yeye na babu walilima muhogo chini ya mikarafuu ya tajiri mmoja, huko shamba. Siasa zilipochacha waliambiwa waondoke. Muhogo ukang'olewa, kibanda kikavunjwa, na ilikuwa masika. Mtoto wake wa kwanza, bado ananyonya, alishikwa na kifua njiani kuja mjini, akafia mgongoni. Bibi hakujua mpaka alipomfungua.

"Kwa hivyo mume wangu alipoitwa kwenye Mapinduzi, sikumzuia," alisema. "Shamba halikuwa la mumeo. Lakini lilikuwa la watu aliokuwa akinywa nao kahawa."

Bi Zuwena akasema, "Wanangu hawakung'oa muhogo wa mtu."

"Najua."

"Mdogo alikuwa hajaota ndevu."

"Najua, Bi Zuwena. Ndiyo maana nimepanda."

Adhana ikaadhiniwa. Bi Zuwena alinyoosha mkono, akapokea bakuli, akafungua saumu kwa muhogo wa bibi yangu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Bibi naye alilia. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, na sijui nani angeanza. Tulipotaka kushuka, Bi Zuwena alilishika bakuli. "Liache. Kesho nkiamka na nguvu, ntakupikia boko boko."

Hakuamka na nguvu. Alifariki kabla ya Idi. Jamaa zake walikuja kutoka Maskati, watu wapole wenye kunukia udi, wakafanya hitima ya heshima, wakakigawa kilichokuwamo chumbani. Msichana mmoja wao akashuka na bakuli, ameliosha, amelikausha mpaka linang'aa. "Bibi, nadhani hiki ni chombo chako. Ahsante kwa kumtazama." Asiyejua maana haambiwi maana, hakukusudia ubaya. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akangoja aondoke. Akatazama ndani. "Aliyelirudisha tupu si Bi Zuwena," akaniambia, na akalia kuliko alivyolia mazikoni. Mpaka anaingia kaburini hakutia tena chakula ndani yake.

Leo mimi ni mwalimu wa historia. Nasomesha Mapinduzi ya Ufaransa, ya Haiti, ya Urusi na yetu, na kila pahala nakuta jambo lile lile: wachache wameshiba mpaka hawasikii, wengi wanaingoja siku, siku inafika, na damu haiulizi nani alikosa. Dhuluma haidumu, nawaambia wanafunzi wangu, na naamini. Nawaambia pia mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wao huandika sababu ukurasa huu na matokeo ukurasa wa pili, kama watu wasiowahi kukaa nyumba moja. Nawapa alama zao, maana hawajakosea.

Ninaishi kwenye fleti sasa. Uchaguzi ukija, watu waliopakana ukuta huacha kuzikana, na huanza kuulizana babu zao walitoka wapi. Juu yangu anakaa mama mmoja, jirani yangu wa miaka, na tangu uchaguzi uliopita hatuamkiani. Ramadhani zimekuja na kupita, namsikia akikohoa juu ya dari. Bakuli la bibi liko kabatini mwangu. Bibi alikuwa na magoti mabovu, akapanda. Mimi yangu ni mazima, na mpaka leo sijapanda.