Siku Niliyotoka Eda

Maboksi ya kwanza yaliingia nyumbani kwangu nikiwa na siku tisa tu za eda. Nilikuwa chumbani, nimejifunga kanga nyeupe, nikasikia watu wakishusha mizigo uani na sauti ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ikiwaelekeza: hiki huku, kile kule. Hakuniuliza. Alijua mjane wa siku tisa hatoki nje kugombana na mtu.

Nyumba ile ya Mengo ni yangu. Niliirithi kwa baba yangu, na mume wangu alihamia pale na sanduku moja na redio. Wifi alilijua hilo vizuri. Lakini kaka yake hakuwa amemaliza wiki mbili kaburini, naye tayari alishaona pa kuanzia. Kila wiki alileta kitu: makochi, cherehani, vyombo, zulia lililoviringishwa, friji isiyogandisha. Chumba cha binti yangu kikajaa mpaka dirishani, mtoto akahamia kwangu. Na wote waliokuja kunipa pole, wifi aliwapitisha kwenye mlango wa chumba kile, akishusha sauti kwa huzuni.

"Hivi vyote vitu vya kaka. Hapa ndipo kwake."

Nilikuwa namsikia kutoka kitandani. Alikuwa anajitafutia mashahidi, ili siku ya kuidai nyumba aseme kila mtu anajua ilikuwa ya kaka yake.

Miezi minne na siku kumi ni mingi kwa mtu mwenye hasira. Sina moyo mzuri, nimeambiwa hivyo tangu utotoni, na eda ilinipa nafasi ya kuuchunguza. Nilisali, nilisoma Kurani, nilimlilia mume wangu kwa kweli. Halafu nikisikia boksi jingine likiburutwa sakafuni, machozi yalikauka yenyewe. Nilimchukia yule mwanamke kwa utulivu, nikanyamaza.

Kwetu mjane akitoka eda nyumba husafishwa yote. Wanawake huja asubuhi, humkogesha, nguo zake za eda huondolewa, vitu vya marehemu hutolewa sadaka, kisha nyumba huoshwa kuanzia darini hadi kizingitini. Shangazi yangu ndiye aliyesimamia. Nilipokwisha kufukizwa udi na kuvaa gauni la kijani, akaniuliza vitu vya marehemu viko wapi.

Nikamfungulia chumba. "Wifi mwenyewe amewaambia watu wote. Vyote ni vya kaka yake."

"Hata sisi alituambia," wakaitikia majirani wawili, ndoo mkononi.

Nilikuwa nimeshamwita jirani yangu Mkongomani, mama anayefua nguo za watu, kwa sababu anazijua familia za wenzake walioko Namuwongo, waliokimbia vita na wanaolala sakafuni. Alikuja na pikapu. Alipochungulia ndani alishika kiuno.

"Mama, bintu byote bii?"

"Vyote."

"Na frigo?"

"Hiyo itangulie."

Sadaka ya mali ya mwenzio haina thawabu, najua. Sikuwa natafuta thawabu. Pikapu ilipoondoka nilichukua ufagio, nikakataa kusaidiwa. Nilitoa vumbi, mavi ya panya na maganda ya karanga. Nikasugua kuta kwa sabuni ya unga, nikamwaga maji mpaka yakatoka meupe. Mgongo uliniuma na nilikuwa na furaha mbaya, furaha ambayo sijapata kuitubia mpaka leo.

Wifi alifika adhuhuri, kazi imekwisha, na sufuria ya pilau mikononi. Mwalimu wa madrasa alishasoma dua na kuondoka. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, binti yangu anatandika kitanda chake.

"Wifi, vitu viko wapi?"

Shangazi akanitangulia kujibu. "Bambi, pole mwanangu, tumemtolea kaka yako sadaka, si ulituambia vilikuwa vyake? Mwalimu ameshaviombea. Mungu amfikishie."

Wanawake wakasema amina, kisha wakamgeukia wakimngoja.

Alinitazama. Akisema vitu ni vyake, basi aliwadanganya waliokuja kumlilia kaka yake, na waliodanganywa walikuwa wamekaa pale pale, wanamwangalia. Sufuria ilikuwa bado mikononi mwake. Sikumpokea.

"Amina," akasema.

Akakaa pembeni ya mkeka, na baada ya muda akasema ana kiu. Kwa miaka kumi na minne mwanamke huyu alikuwa akiingia jikoni kwangu na kujichotea maji kwa kikombe chochote alichokiona. Akaanza kuinuka.

"Kaa tu, wifi, usijisumbue," nikamwambia, nikaenda kumletea maji kwenye trei, katika glasi ya wageni.