Mipira Mitatu Niliyoiosha Pasiansi

Mpaka leo nikipita mtaa wa Pasiansi, kule kando ya ziwa, nashusha kofia usoni, maana wapo wanaonikumbuka na hawanikumbuki kwa jema. Nichekeni tu, mimi mwenyewe najicheka.

Ilikuwa miaka ile tumepunguzwa kiwandani, mashine za nguo zimefunikwa maturubai, na mji umejaa matajiri wapya wa minofu ya sangara, watu ambao juzi tu walikuwa wanaanika dagaa na leo wamevaa viatu vyeupe vyenye misumari chini (ndiyo, misumari!) na watoto wao wanacheza gofu. Yakaandaliwa mashindano ya watoto, na mwenyekiti wa kamati, mzee Lugata, akawa anatafuta vibarua wa siku moja, akidokeza kwamba atakayefanya vizuri ataajiriwa moja kwa moja kutunza uwanja.

"Gofu unaijua?" akaniuliza.

Mimi ambaye nilikuwa sijaigusa hata fimbo yake nikajibu, "Vizuri sana, mzee."

Akanipa kulitunza shimo la mwisho la uwanja, ambako mgeni rasmi angekaa, akasema anataka usafi, asione hata kijiti. Nikafagia, nikapanga viti, nikaenda ziwani kuchota maji ya kuvifuta. Niliporudi nikakuta mipira mitatu midogo imezagaa kwenye nyasi fupi zinazolizunguka shimo, mmoja karibu kabisa na bendera. Mahali penyewe pako nyuma ya mawe makubwa, huwaoni wanaopiga kutoka kule juu. Anayeijua gofu angejua kwamba mchezo unaendelea. Mimi niliona uchafu. Nikaiokota yote, nikaitumbukiza kwenye ndoo na kuisugua kwa sabuni huku nikipiga mluzi, mpumbavu mimi, najiona nimeshaajiriwa.

Mara wakatokea watoto watatu wa kundi la mwisho, nyuma yao wazazi, kamati na mgeni rasmi na tumbo lake. Wakasimama. Wakatazama nyasi.

"Mipira iko wapi?" mzee Lugata akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mayu, mama yangu! Badala ya kusema ukweli mdomo wangu ukasema, "Kunguru, mzee. Wamekuja watatu."

Laiti wangenicheka! Waliniamini. Masalu, baba wa mtoto mmoja, mwenye malori ya samaki, akaanza kuwarushia kunguru waliokuwa wametua kwenye mti wa jirani fimbo za mwanawe, ya kwanza ikanasa mtini, akavua kiatu akakirusha nacho kikanasa, na wazee wenye heshima zao wakawa wanarukaruka chini ya ule mti kama kuku waliomwona kicheche, mgeni rasmi amejifunika kichwa kwa kiti nilichokifuta. Na mimi nikawa nawaelekeza! "Yule pale, yule mwenye shingo nyeupe!"

Walipochoka, mzee Lugata akatoa uamuzi: kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyeona mipira iliposimama, watoto wote warudi juu wapige tena.

Kulikuwa na binti anaitwa Nasrin, wa miaka kumi na miwili, baba yake ana duka la vipuri mjini. Mpira wa karibu na bendera ulikuwa wake, na angeuingiza angeshinda na kupelekwa Dar kuchezea mkoa. Hakulia. Alichukua fimbo yake akaanza kupanda kilima, kidevu kinamtetemeka, na kile kidevu ndicho kilichonishinda.

"Mzee," nikasema, "mimi niliona. Niliiokota mimi. Iko kwenye ndoo."

Masalu, na kiatu chake kimoja, akauliza, "Kwa hiyo hao kunguru...?"

"Hawakugusa kitu."

Sitarudia niliyoambiwa. Mzee Lugata akaniamuru niirudishe mipira palepale nilipoitoa, watu wote wamenizunguka. Miwili nikaiweka sawasawa. Wa Nasrin, kwa huruma na kwa kutaka kujisafisha, nikausogeza hatua nzima karibu na shimo.

Akautazama. Akanitazama. "Hapana, mjomba," akasema taratibu, "siyo hapa. Nilipopiga nilipanda juu ya jiwe nikauona, ulikuwa nyuma zaidi."

Akausogeza mwenyewe, mbele ya wazazi waliokuwa tayari kurogana kwa ajili ya ule mchezo. Akapiga. Mpira ukalilamba shimo ukingoni, ukapita. Mtoto wa Masalu akashinda, na Nasrin akaenda kumpa mkono.

Mimi nilifukuzwa kabla ya zawadi, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani Kirumba nikiwa nimeloa sabuni. Ajira ile wala sikuililia. Kilichonichoma ni kwamba katika kazi ile nilidanganya mara tatu, na mara ya tatu nilijiona mtu mwema kabisa, mpaka mtoto akanirekebisha bila hata kupaza sauti. Tangu hapo nimeapa: nikikosea nasema nimekosea, papo hapo, na simwongezei mtu hatua moja ambayo hakuniomba.