Mikono ya Ndoo

Nilikuwa kidato cha tatu, bweni la wasichana nje kidogo ya Songea, upande wa kwenda Peramiho. Bomba letu lilikuwa moja, na kiangazi lilitoa ndoo ishirini hivi kila asubuhi, basi, likakauka. Sisi tulikuwa arobaini.

Jioni tulisali rozari pamoja, asubuhi watu wale wale wananisukuma bombani. Siku moja niliangukia saruji, jino la mbele likakatika nusu. Aliyenisukuma, jana yake alikuwa amenigawia karanga zake. Hilo lilinitisha kuliko damu. Na nilijijua, hata mimi ningemsukuma.

Ndipo bweni likamchagua msichana mmoja wa kutoka Nalasi, mrefu, si msemaji. Tulikubaliana kila mtu aing'oe mkono ndoo yake, ule waya wa kubebea, ampe yeye. Ndoo isiyo na mkono haikuruhusiwa bombani. Kila asubuhi angegawa mikono ishirini kwa zamu anayoijua mwenyewe, jioni irudi kwake, na asiulizwe. Mmoja akasema, je, akikosea? Tukamzomea. Mimi nisiyeweza kunyoosha kidole darasani nilikuwa wa tatu kutoa wangu.

Wiki mbili hakuna aliyepigana. Nikalala usingizi. Mwalimu wa Uraia alipotupa insha, kama binadamu anahitaji mtawala asiyeulizwa, niliandika ndiyo, kwa sababu tusipokuwa na wa kumwogopa tunaogopana wenyewe, na hiyo ni mbaya zaidi. Akaniandikia "Vizuri sana" kwa wino mwekundu.

Kwa siri tulimwita Mama Mikono. Msichana aliyelala kitanda cha chini yangu, Mngoni mwenye mdomo, akalitamka jina hilo bila kujua mwenyewe yuko mlangoni. Akanyimwa mkono siku tatu. Kumchotea mwenzio tulikuwa tumekataza wenyewe.

Siku ya pili akaingia kwenye siku zake. Nilimkuta amejikunja ndani ya kanga, hataki kwenda darasani. Akaninong'oneza kwamba ananuka.

Nilikwenda kwa yule wa Nalasi. Nilimweleza nikitazama sakafu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kwani niliwanyang'anya? Si mlinipa wenyewe?" akasema. "Nikimpa huyu leo, kesho nani atanisikiliza? Au unataka na jino la pili liende?"

Yalikuwa maneno ya insha yangu, sema yeye aliyasema vizuri zaidi. Akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa nyaya mbili, wangu na wa mwenzangu.

"Chukua mmoja. Mwingine nakaa nao mpaka nitakapoamua."

Nikachukua wa mwenzangu. Mwenzangu alichota, akaoga, akafua, akaenda darasani. Mimi nilipangusa uso kwa kitambaa alichonilowekea kwa kuibia, na darasani nikahamia dirishani ili nisimkere mtu kwa harufu. Kila asubuhi nilipanga foleni, na kila asubuhi yule wa Nalasi alinipita kama vile sipo. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi pia nisingeuliza.

Siku ya sita akaniwekea waya wangu kiganjani.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Badala yake machozi yalinitoka, nikasema, "Asante, dada." Na nilimaanisha kabisa.

Insha bado ninayo. Siogopi nilichoandika. Naiogopa ile asante.