Nahodha wa Nyotani na Hodi ya Mishomoroni

Haya, nyinyi mlio huko nyuma, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna pole pole, hii si habari ya kupigiwa kelele. Nataka niwaambie ya mamangu na sinema ya watu wa nyotani. Mkisikia nimetia chumvi, nivumilieni. Chumvi hii nimeirithi kwa baba, na baba mwenyewe ndiye nianze naye.

Baba alikuwa na sauti, jamani. Alifanya kazi bandarini, lakini nyumba yetu iko Mishomoroni, na akikohoa pale Mishomoroni mtu wa Magogoni asema "pole". Mtu akija kwetu akapiga hodi, kabla hajaimaliza ile "di", baba ashaitikia: "Karibuuu!" Kuku waruka, watoto wa jirani waamka, na wallahi kuna meli iligeuza njia ikidhani yaitwa. Mama yeye hakuwa akiitikia. Hiyo ilikuwa kazi ya baba. Mama akisikia ile karibu ya mumewe, acheka kidogo, atandika mkeka, ateleka chai. Tangu nipate akili yangu, sikumbuki kumsikia mamangu akiitikia hodi hata siku moja.

Basi baba akafa.

Hapo sina chumvi ya kutia. Tulimzika kwao Kaloleni, tukalikalia hanga lake mpaka matanga yakaisha, tukarudi Mishomoroni na mama. Kina mama wa kanisa wakaja kumtazama, na sufuria ya uji. Wakasimama nje ya pazia. "Hodi!" Kimya. "Hodi humu ndani!" Kimya. "Hodi jamani!" Na mama yuko ndani, macho kodo, anatazama kile kiti cha baba. Wakaiweka sufuria kizingitini, wakenda zao. Kwetu ndivyo: hodi ya tatu isipoitikiwa, huingii. Hata kama unamwona mtu kwa ukuta wa makuti.

Kesho yake vile vile. Wiki nzima vile vile. Uji uliliwa na paka wa jirani, akanenepa mpaka akawa akipita mlangoni kwa ubavu. Mamangu naye akakonda. Leso aliyokuwa akijifunga ikamkaa, sasa yamzunguka kama bendera kwenye mlingoti. Nikamuuliza, "Mama, kwani huwasikii?"

"Nawasikia."

"Basi mbona huitikii?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jua liko wapi. "Mwenye kuitikia hayupo."

Mimi nikaona hilo jambo dogo, nitaitikia mimi. Siku iliyofuata kina mama wakapiga hodi, nikatoa karibu kubwa kama ya baba. Wakaingia wote. Mama akajigeuza ukutani, akajifunika leso gubigubi, hakusema neno mpaka walipoondoka. Kisha akaniambia, taratibu kabisa, "Wewe nyumba yako iko Magongo. Kakaribishe huko."

Nilitoka nje nikalia. Ndiyo, mimi huyu mnayenicheka. Nililia mpaka mfereji wa mtaa ukafurika.

Mkubwa wa wale kina mama akanikuta pale. Mtu mzima, ananiita mwanangu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba." Akashusha pumzi. "Mwanangu, sisi hatumchukii mamako. Lakini mlango usiotuitikia ni mlango uliotukataa, na kumsumbua mfiwa ni dhambi. Jumapili tutakuja baada ya ibada. Akinyamaza, hatutarudi tena, tutamwombea mbali. Usituone wabaya."

Nikahesabu mwenyewe kichwani. Mimi nashinda kwenye magodauni ya Changamwe napakua mizigo. Wale kina mama wakiacha kuja, mamangu atabaki na kiti na paka.

Sasa ndiyo yaja sinema.

Baba, ujanani mwake, aliwahi kutazama sinema moja ya televisheni kwenye ukumbi wa jamii kule Changamwe. Ni zile za mfululizo, na yeye aliona ile ya kwanza kabisa, basi. Aliihadithia maisha yake yote. Kuna chombo chapita kwenye nyota, kikubwa kama feri ya Likoni mara mia. Ndani kuna watu elfu. Chombo chaharibika, chatua kwenye mchanga usiojulikana, nahodha aenda mpaka kwenye mlango wa watu wa huko, ainua mkono agonge. Hapo, baba asema, stima ikapotea, ukumbi mzima giza. Hakujua mpaka anakufa ni nani alifungua ule mlango. Na mama kila siku alikuwa akimwambia, "Muongo wewe. Hakuna sinema kama hiyo."

Jumamosi nikaenda kwa mwenye duka la muvi pale Magongo, mtu wa bara.

"Kaka, nataka ile ya zamani."

"Zamani gani?"

"Ya chombo kinachopita kwenye nyota. Watu wamevaa suruali za kubana."

"Hizo ni mob, buda, zimejaa hapa. Inaitwaje?"

"Baba hakuniachia jina. Wanatua mchangani, nahodha anaenda kugonga mlango."

Akajikuna, akacheka. "Hiyo ni episodi ya kwanza. Zile zingine hawagongi, wanalipua tu."

Akaniwekea kwenye flashi. Jumapili nikaipakata televisheni yangu kwenye tuktuk kama bibi harusi, Magongo mpaka Mishomoroni, kila tukirushwa na rasta za barabarani nasikia uchungu wa kuzaa. Nikaitegesha mbele ya mama, pembeni ya kiti cha baba. Nikawasha, nikapandisha sauti, maana sinema yenyewe ni nzee, yakwaruza.

Muziki ukapiga. Chombo kikatokea. Jamani, kilikuwa kama sufuria iliyofunikwa sahani, na uzi unaokishikilia waonekana.

Mama akasogea kidogo. "Hicho ndicho kama feri?"

Ndani ya chombo watu walikuwa wanne.

"Elfu wako wapi?"

"Labda wamelala, mama."

Puani mwa mama nikasikia kitu. Sikujua ni kicheko ama ni kilio. Wakatua. Mmoja akaegemea jabali, jabali likatikisika kama godoro. "Yuna uongo babako," mama akasema. "Yuna uongo yule mtu." Lakini alisema kama mtu anayemtaja aliyetoka tu kwenda dukani. Mimi nikawa namfasiria Kizungu, na Kizungu chenyewe sikijui hata cha kuombea maji. "Yuasema hapa hakuna mtu. Yuasema wamepotea, kwao ni mbali." Kwa uso wa yule nahodha, sidhani nilikosea sana.

Akaufikia mlango. Akainua mkono. Ni pale pale, pale stima ya Changamwe ilipompotea baba. Mama alikuwa ameng'ang'ania mkono wa kile kiti kitupu, mishipa imemtoka. Nami namwomba Mungu, stima ya leo isipotee, nitatoa sadaka, nitaacha uongo, nitaacha hata pilipili.

Nahodha akagonga. Kimya.

Akagonga tena, akasema neno kwa sauti ya chini. "Yuasema nini?" mama akauliza, haraka haraka.

"Yuasema hodi."

Mara ya tatu. Kimya. Yule mtu akasimama pale na suruali yake ya kubana, upande mmoja wa uso una kivuli, akautazama ule mlango jinsi kina mama walivyokuwa wakilitazama pazia letu. Kisha akageuka kwenda zake.

Mama akainuka. Miguu ile niliyodhani haina nguvu tena ikamsimamisha wima. "Karibu!" Nyumba ikatikisika. "Karibuuu! Usirudi, baba, pita ndani!"

Nikazima sauti. Nje palikuwa na mchakacho wa viatu. Kumbe kina mama walikuwa pale kitambo na sufuria yao. Wamepiga hodi zao zote tatu, muziki wa nyotani umezimeza, wakawa washageuka njia. Sasa wamesimama kama sanamu. Wanaangaliana. Pazia likasogea, kichwa cha yule mkubwa wao kikachungulia, kwa adabu, mguu bado uko nje.

"Mama," akasema, "watukaribisha sisi, ama ni hao wa kwenye televisheni?"

Mamangu akajipangusa macho kwa pembe ya leso, akamtazama juu mpaka chini.

"Wa kutoka nyotani nishawakaribisha, nyinyi wa hapa Mishomoroni mwataka mbebwe?"