Gogo la Muwati

Wiki iliyopita nilikuwa gereji Makambako, fundi akinibadilishia breki za nyuma za pikapu yangu kuukuu. Alitoa dramu, akafunga diski, kisha akaona gogo la mti wa muwati nyuma ya siti.

"Dada, hili sasa kalitupe. Gari limepata breki."

Sikuweza kucheka naye.

Ngoja nikueleze taratibu, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Dramu ni kama sufuria iliyofunikwa. Ndani mna viatu viwili vya chuma. Ukikanyaga breki vinatanuka na kukwaruza kuta zake. Matope yakiingia, vinateleza. Diski hubanwa kwa nje, hukauka upesi, na gari husimama vizuri zaidi. Lakini hendibreki, ile breki ya mkono ya kuegeshea, huvuta vile viatu vya ndani ya dramu. Ukitoa dramu bila kuitafutia hendibreki mahali pengine, umeitoa hata hendibreki.

Kwetu Njombe ni vilima vitupu, na nilipokuwa mtoto pikapu ya baba haikuaminika hata siku moja. Baba akisimama kwenye mwinuko aliita, "Gogo!" nami niliruka chini na kulisukumiza nyuma ya tairi, viganja vikinuka maganda ya muwati. Bibi alikuwa akinitania: "Hendibreki ya mwanangu inakula ugali."

Kisha baba akarudi kutoka Makambako na diski zilizotolewa kwenye gari bovu, zimeshafungwa nyuma badala ya dramu. Alishuka nazo mlima wote, akakanyaga pedali mbele ya nyumba, gari likasimama palepale. Tulishangilia. Waya wa hendibreki ulining'inia chini, umefungwa kwa mpira. Hakuna aliyeuliza.

Baridi ilikuwa kali. Bibi alilitia gogo langu motoni jikoni, nikalia. "Liache likupe joto," alisema, akanichomea kiazi kwenye majivu yake. Kilikuwa kitamu, bado nakikumbuka.

Haukupita mwezi. Tulipeleka magunia ya viazi kwa shangazi, Lupembe. Baba aliegesha kwenye mwinuko, akavuta hendibreki isiyovuta kitu, tope likashika tairi kidogo. Hakuacha gari kwenye gia. Hakuwahi kuzoea kuacha gia. Miaka yote alikuwa na mimi. Alizunguka nyuma kufungua kamba. Gari likaguna, likaanza kurudi. Akaliegemea kwa mgongo, akaita:

"Gogo!"

Nilikimbilia vichakani kutafuta gogo. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, pedali ile, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Breki zilikuwa nzuri kweli. Zilihitaji mguu tu, hata wa mtoto.

Niliporudi na kigogo mkononi, gari lilikuwa limeshafika bondeni, na baba chini yake.

Bibi hakunilaumu, ila hakuchoma tena kiazi mpaka alipokufa. Jiko lake limebomoka, miwati ya uani imekatwa yote.

Fundi wa Makambako nilimwambia asinipe gari mpaka hendibreki ishike. Alifanya kazi nzuri, inashika. Hata hivyo kila jioni naegesha, naacha gia, nashuka na kutia gogo. Halafu nasimama pale kidogo. Hakuna anayeita.